Rasuna Said na mabinti wa Padang Panjang

Lipo swali ambalo wazazi wa Kiislamu wa mjini huulizana kimya kimya, hasa wenye mabinti wa sekondari. Binti amerudi nyumbani jioni, anasema kesho hakuna masomo, kuna maandamano ya kudai jambo fulani na wao wanafunzi wametakiwa wakae mbele na mabango. Baba anauliza nani kaandaa. Binti hana hakika. Mama anauliza hayo mabango yanasemaje. Maneno yake binti anayo, tena kwa ghibu, lakini ukimuuliza maana yake anababaika. Hapo nyumba inagawanyika. Yuko anayesema mwacheni aende, mtoto wa Kiislamu asikue anaogopa kuisema haki. Yuko anayesema mtoto wa kike asifanywe ngao ya watu wazima.

Mgogoro huu si mpya. Mwaka 1930 uliwatenganisha wanawake wawili wa Kiislamu waliokuwa karibu mno, mwalimu na mwanafunzi wake, katika mji mdogo wa Padang Panjang, Sumatra Magharibi, nchi ambayo leo ni Indonesia na wakati ule ilikuwa chini ya Waholanzi. Mwalimu ni Rahmah El Yunusiyyah. Mwanafunzi ni Rasuna Said, na huyu ndiye tunayemzungumzia leo, ingawa kama utakavyoona, huwezi kumsimulia mmoja ukamwacha mwingine.

Sumatra ni mbali, lakini sisi na wao si wageni kama inavyodhaniwa. Madhehebu yao ni ya Imam Shafi, kama yetu wengi wa pwani. Kile kitabu kidogo cha Safina ambacho watoto wetu huanza nacho fiqhi chuoni, mtungaji wake, Sheikh Salim bin Sumair wa Hadhramaut, alifia na kuzikwa Batavia, mji ambao leo unaitwa Jakarta. Mabinti wa Padang Panjang na mabinti wa Unguja au Mombasa wamejifunza masharti ya udhu kwa kitabu kimoja.

Jina lake kamili huandikwa Hajjah Rangkayo Rasuna Said. Rangkayo ni jina la heshima la mwanamke katika kabila la Minangkabau. Alizaliwa Septemba 14, 1910, Maninjau, kando ya ziwa. Baba yake, Muhammad Said, alikuwa mfanyabiashara mwenye uwezo na mtu wa harakati. Kabila lenyewe lina mambo yake. Ni Waislamu walioshika dini, lakini kwa mila yao nyumba na mashamba ya mpunga hufuata ukoo wa mama. Sheikh Ahmad Khatib, mtu wa kabila hilohilo aliyekuwa imamu na khatibu wa Kishafi katika Msikiti Mtukufu wa Makka, aliipinga vikali mila hiyo ya mirathi. Hilo lina makala yake. Linalotuhusu hapa ni kwamba mwanamke wa Minangkabau hakuwa mtu wa kukaa pembeni mambo ya ukoo yanapozungumzwa, na binti alikua akimuona mama yake ana kauli.

Maninjau hiyohiyo ndiyo kwao Haji Abdul Karim Amrullah, maarufu kama Haji Rasul, mmoja wa masheikh wakubwa wa mageuzi na baba yake Hamka, yule mwandishi wa Tafsiri ya Al-Azhar. Masheikh wa kundi hili walijulikana kama Kaum Muda, yaani watu wa rika jipya. Walipigania madrasa zenye madarasa na madawati, walichapisha majarida, na walisomesha hesabu na jiografia pamoja na nahau na fiqhi. Rasuna ni tunda la mazingira hayo. Alipopelekwa katika madrasa ya Ar-Rasyidiyah, alikuwa msichana pekee miongoni mwa wanafunzi. Kutoka hapo alikwenda Padang Panjang, katika shule ya Diniyah iliyoanzishwa mwaka 1915 na Zainuddin Labay, ambako wavulana na wasichana walisoma pamoja. Zainuddin ndiye kaka yake Rahmah.

Rahmah aliona kasoro moja katika shule ya kaka yake. Masuala ya twahara ya wanawake, hedhi na nifasi na yanayofanana na hayo, wasichana waliona haya kuyauliza mbele ya walimu wanaume na wavulana wenzao, wakatoka hawajui. Akaazimia kuwa na shule ya wasichana, walimu wake wanawake. Tarehe 1 Novemba 1923 akaifungua, Diniyah Putri, kwa kuanzia msikitini, akiwa na wanafunzi 71, wengi wao akina mama wenye nyumba zao. Yeye mwenyewe alikuwa na miaka kama 23 tu. Mmoja wa wasaidizi wake katika kufundisha alikuwa Rasuna, mwenye miaka 13.

Tutue hapo kidogo, kwa sababu mwezi uleule wa Novemba 1923 ulitokea mkasa ambao bila kuujua huwezi kumwelewa Rahmah. Katika mji huohuo ilikuwapo madrasa kubwa ya wavulana, Sumatra Thawalib. Mwalimu mmoja wa hapo, Haji Datuk Batuah, alikuwa amewaingizia wanafunzi fikra za kikomunisti akizichanganya na Uislamu. Vijana walizipokea kwa hamu. Waholanzi wakamkamata na baadaye wakampeleka uhamishoni. Madrasa ikapasuka. Wanafunzi walisimama dhidi ya walimu, na Haji Rasul mwenyewe, aliyeijenga ile madrasa, akaachia ualimu wake pale kwa kuchukizwa na hali ilivyokuwa. Rahmah aliyaona yote haya siku chache tu baada ya kufungua shule yake. Alijionea jinsi darasa linavyoweza kuvunjwa na siasa, na anayeingia na askari kulivunja ni mkoloni.

Juni 28, 1926 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Padang Panjang. Jengo la Diniyah Putri likaanguka. Rahmah akaanza upya na mabanda ya mianzi, na baadaye akasafiri hadi nchi za Malaya kutafuta michango kwa Waislamu wenzake. Msaada wa serikali ya Kiholanzi aliukataa, akijua kwamba mkono unaotoa fedha ndio utakaopanga kinachofundishwa.

Rasuna yeye alirudi kwao Maninjau. Mwaka huohuo wa 1926, akiwa na miaka 16, akawa katibu wa tawi la Sarekat Rakyat, Umoja wa Wananchi. Hebu tuliangalie jambo hili kwa macho mawili. Ni kweli inavutia, binti wa miaka 16 kuwa katibu wa chama cha siasa katika nchi iliyotawaliwa. Lakini Sarekat Rakyat ilikuwa chini ya kivuli cha chama cha kikomunisti, na mwishoni mwa mwaka ule na mwanzoni mwa 1927 wakomunisti waliingia katika uasi wa silaha, kwanza Java, kisha Silungkang, Sumatra Magharibi. Uasi ulizimwa kwa mkono wa chuma. Maelfu walikamatwa, na wengi wakapelekwa Boven Digul, katika misitu ya Papua yenye malaria, ambako wengine hawakurudi. Rasuna alisalimika, akahamia chama cha Sarekat Islam. Angeweza asisalimike. Sidhani kila kijana aliyeandika jina lake katika daftari la Sarekat Rakyat alijua lile daftari lingefikishwa wapi.

Lililomjenga hasa ni masomo aliyoendelea nayo palepale Maninjau kwa Haji Abdul Majid. Kozi ya miaka minne aliimaliza kwa miwili. Madrasa ile ilikuwa na utaratibu ambao wengi wetu tumeuacha. Wanafunzi walifundishwa kuhutubia na kujadiliana. Mwanafunzi alisimama mbele ya wenzake na hoja, na wenzake wakaibomoa. Rasuna alitoka hapo akiwa na kitu kilichozidi ulimi mwepesi. Alikuwa amezoea kuulizwa ushahidi wa anachokisema, kwa aya na kwa akili, na akizidiwa, kukubali.

Mwaka 1929 aliolewa na Duski Samad, mwalimu na mwanaharakati kama yeye. Ndoa hiyo haikudumu, na baadaye aliolewa na Bariun A.S. Siingii huko zaidi.

Akarudi Padang Panjang kufundisha katika shule ya Rahmah, na hapo ndipo moto ulipowaka. Rasuna alitaka siasa iwe somo kamili. Hoja yake haikuwa nyepesi. Aliona kwamba binti anayesoma fiqhi ya zaka katika nchi ambayo utajiri wake unapakiwa melini kwenda Rotterdam, bila kuelezwa nani anapakia na kwa haki gani, amesomeshwa nusu. Aliona kwamba uadilifu, shura na kukataa dhulma ni mafundisho ya Qur'an yenyewe, na ukimfundisha msichana aya hizo ukamficha zinagusa nini katika nchi yake umeificha elimu. Na aliona kwamba wavulana wa Thawalib wenye umri uleule walikuwa wakisoma magazeti na kuzungumza habari za Uturuki, Misri na India, wakati dada zao wanafundishwa kufuma. Kwa nini binti wa miaka 15 achelewe kuliko kaka yake?

Rahmah alikataa. Naye hoja yake haikuwa ya mwanamke mwoga, kama baadhi ya waliomwandika wanavyotaka tuamini. Aliona kwamba dini ndiyo iwe msingi kwanza, ikishakaa sawasawa siasa itakuja yenyewe katika maisha, na mwenye msingi hatayumbishwa na chama hiki wala kile. Alijua kwamba somo la siasa likiingia darasani, vyama vitaingia nyuma yake, na wanafunzi watagawanyika kama walivyogawanyika wa Thawalib. Kubwa kuliko yote, mabinti wale walikuwa amana. Wazazi wao, wengine kutoka vijiji vya mbali, walimkabidhi ili wasome dini, wakae katika bweni lenye heshima, warudi nyumbani salama. Hakuna mzazi aliyetia saini kwamba mwanawe anakwenda kuandaliwa kwa mapambano na serikali ya Kiholanzi. Na shule ikifungwa, ni wapi pengine ambapo msichana wa Sumatra angesoma kwa mwalimu mwanamke?

Hapa kila mmoja wetu ana wake. Mimi nilipoanza kuisoma habari hii nilikuwa upande wa Rasuna bila kusita. Nilipofika kwenye suala la amana nikasita. Mzazi akikukabidhi mtoto kwa jambo moja, ukamtumia kwa jambo jingine, hata kama jambo hilo ni jema kuliko lile la kwanza, kuna kitu umekivunja. Lakini pia nikijiuliza kama Rahmah alikuwa sahihi kudhani kwamba siasa inaweza kuachwa mlangoni pa shule kama viatu vinavyoachwa mlangoni pa msikiti, naona hapana. Mkoloni alikuwa tayari yumo ndani. Kuukataa msaada wake kulikuwa ni siasa, na wasichana walioelezwa kwa nini shule yao ni ya mianzi wakati shule ya serikali ina bati walikuwa wanasoma siasa, jina la somo liwe lolote.

Mwaka 1930 Rasuna aliondoka. Alikuwa na miaka 20 hivi. Hakuivunja shule. Hakuwachukua wasichana usiku kuwapeleka kwingine. Alikwenda Padang, mji mkubwa wa pwani, na kuanzisha kwa jina lake mwenyewe alichokitaka. Mwaka huohuo wahitimu na walimu wa Thawalib walianzisha Umoja wa Waislamu wa Indonesia, PERMI, uliogeuka kuwa chama cha siasa chenye misingi miwili, Uislamu na utaifa, na sera ya kutoshirikiana na mkoloni. Miongoni mwa viongozi wake walikuwamo Ilyas Yakub na Muchtar Luthfi, waliosoma Cairo. Rasuna alikuwa miongoni mwa waasisi, akasimamia upande wa wanawake, akafungua madrasa Padang, na akaongoza kozi za wasichana Bukittinggi. Katika kozi hizo hapakuwa na kificho. Mzazi aliyempeleka binti yake kwa Rasuna alijua anampeleka kwa mwanamke wa PERMI, na kwamba pamoja na dini atafundishwa kuhutubia, kujadiliana na kuwafahamu wanaoitawala nchi yake. Asiyetaka hakumpeleka.

Tofauti hii kwangu ina uzito kuliko umri. Watu wengi wakibishana juu ya mabinti na siasa hubishania miaka: 13 ni midogo, 16 inatosha, 18 ndiyo sheria. Rasuna mwenyewe anaivuruga hesabu hiyo, maana akiwa na miaka 13 alikuwa anafundisha. Swali la amana ni kama mzazi amejua, binti ameelewa, na yule anayemwita mbele yuko tayari kutangulia yeye.

Na Rasuna alitangulia. Oktoba 1932 alihutubia mkutano wa wanawake wa PERMI Padang Panjang, mji uleule aliouacha. Mwezi uliofuata alisimama Payakumbuh mbele ya umati uliokadiriwa kufikia 1,000. Alizungumzia dhulma ya ukoloni na jinsi unavyoidhoofisha dini na maisha ya watu, akijenga hoja zake kwa Qur'an. Maofisa wa serikali walikuwamo mkutanoni, kama ilivyokuwa desturi yao. Wakamkatiza akiwa jukwaani, wakamkamata. Alishitakiwa kwa kosa la kupandikiza chuki dhidi ya serikali kwa maneno, na anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Indonesia kutiwa hatiani kwa kosa hilo. Alikuwa na miaka 22. Alihukumiwa kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja, akapelekwa Semarang, kisiwa cha Java, mbali na kwao, bila shaka ili jela yenyewe iwe uhamisho. Zaidi ya watu 1,000 walijitokeza kumuaga. Mwenzake wa PERMI, Rasimah Ismail, naye alifungwa.

Yaliyobaki ya PERMI yaliishia pabaya. Mwaka 1933 Waholanzi waliipiga marufuku kufanya mikutano Sumatra Magharibi, wakawakamata viongozi wake wakubwa na kuwapeleka Boven Digul. Mwaka 1937 chama kikavunjwa. Ukiyatazama haya unaweza kusema Rahmah aliona mbali. Diniyah Putri ilikuwa bado imesimama, wasichana wanasoma, kengele ya asubuhi inalia.

Lakini ngoja, habari ya Rahmah nayo haikukaa ilipopangwa. Mwaka 1932 Waholanzi walitoa sheria iliyozitaka shule zisizo za serikali ziombe kibali, wakiziita shule za mwituni. Nchi nzima ikachafuka. Sumatra Magharibi, mmoja wa walioongoza upinzani alikuwa Rahmah yuleyule aliyekataa siasa darasani. Mwaka 1933 sheria ikasimamishwa. Rahmah pia alitozwa faini ya gilda 100 kwa mashitaka ya kuzungumza siasa katika mkutano wa akina mama. Yaani alikwepa siasa kwa ajili ya shule, na kwa ajili ya shuleile siasa ikamfuata hadi mahakamani. Walipokuja Wajapani mwaka 1942 na kuanza kuwachukua wasichana kwa ajili ya askari wao, alipiga kelele hadi mwisho. Mwaka 1945, Indonesia ilipotangaza uhuru, alisaidia kuunda kikosi cha jeshi la wananchi Padang Panjang na kukilisha. Waholanzi waliporudi walimkamata. Wasichana wake hawakuwa na somo la siasa kwenye ratiba, lakini walikuwa na mwalimu wa kumtazama.

Rasuna alitoka jela mwaka 1934. Aliendelea na masomo Padang na kushika kalamu, akiwa mhariri wa jarida la Raya mwaka 1935. Jarida hilo lilikuwa na ukali wake, na askari wa upelelezi hawakuliacha. Mwaka 1937 akahamia Medan, akafungua shule ya wasichana na kuanzisha jarida la wanawake, Menara Puteri, maana yake mnara wa mabinti. Safu yake aliiandika kwa jina la Seliguri, ambalo ni jina la ua. Katika jarida hilo aliwazungumzia wasichana mambo ambayo Rahmah hakutaka ayazungumze darasani, na sasa kila msomaji alikuwa amelichukua jarida kwa hiari yake. Halikudumu. Inasimuliwa kwamba wasomaji walikuwa wengi lakini waliolipa walikuwa kama asilimia 10. Wenye magazeti ya Kiislamu watanielewa bila maelezo, na msomaji anayelisoma gazeti hili begani kwa jirani yake kwenye daladala naye ameelewa.

Wakati wa Wajapani alishiriki Padang kuanzisha umoja wa vijana, nao wakauvunja walipouona unaelekea uhuru. Baada ya uhuru aliiwakilisha Sumatra katika vyombo vya kutunga sheria vya taifa jipya, akahamia Jakarta, na mwaka 1959 akateuliwa katika Baraza Kuu la Ushauri la Rais Sukarno. Alibaki humo hadi kifo chake, Novemba 2, 1965, kwa maradhi ya saratani, akiwa na miaka 55. Amezikwa katika makaburi ya mashujaa ya Kalibata.

Miaka hiyo ya mwisho iliwaweka yeye na mwalimu wake katika pande mbili kwa mara ya pili. Rahmah alichaguliwa bungeni mwaka 1955 kwa tiketi ya Masyumi, chama kikubwa cha Waislamu. Mwaka 1958 wanajeshi na wanasiasa wa Sumatra walipotangaza serikali yao dhidi ya Jakarta, Rahmah aliwaunga mkono, akaingia msituni pamoja nao. Rasuna alibaki Jakarta upande wa Sukarno. Aliyekuwa hataki siasa iguse shule yake alimaliza akiwa mwasi, na aliyefungwa kwa siasa alimaliza akiwa mshauri wa Rais. Wapo watu wa Minangkabau ambao hawakumsamehe Rasuna kwa hilo. Mimi simhukumu. Nalitaja kwa sababu tunapenda kuwafanya watu hawa wawe picha za ukutani, wakati walikuwa watu wenye misimamo iliyogharimu.

Nirudi kwa mabinti, maana ndio waliokuwa wakigombewa. Walikwenda wapi?

Mwishoni mwa miaka ya 1930, Rasuna akiwa ameshaondoka zamani, wasichana wa Kimalaya walikuwa wakivuka bahari kwenda kusoma Diniyah Putri. Watatu kati yao tunawajua vizuri. Aishah Ghani, aliyezaliwa 1923, alikwenda kule akiwa na miaka kama 13. Baada ya vita aliliongoza AWAS, jeshi la wanawake walioamka, tawi la wanawake la chama cha wazalendo wa Kimalaya. Baadaye akahamia UMNO, akaongoza wanawake wa chama hicho na kuwa waziri wa ustawi wa jamii wa Malaysia kuanzia 1973. Sakinah Junid, wa mwaka 1922, naye alipitia AWAS, kisha akawa kiongozi wa miaka mingi wa wanawake wa PAS, chama cha Kiislamu kilichopingana na UMNO. Wa tatu ni Shamsiah Fakeh, wa mwaka 1924, aliyeshika uongozi wa AWAS baada ya Aishah, na mwaka 1948 akaingia msituni na bunduki pamoja na wakomunisti. Aliishi uhamishoni China kwa miongo mingi, na akaruhusiwa kurudi Malaysia mwaka 1994, mtu mzima mwenye mvi.

Shule moja, bweni moja, mwalimu mmoja aliyekataa siasa isiwe somo. Wakatoka waziri, kiongozi wa upinzani wa Kiislamu, na mpiganaji wa msituni. Atakayesema Rahmah alishindwa, kwa kuwa siasa iliwafikia wasichana wake wote watatu, ana hoja. Atakayesema alifaulu, kwa kuwa kila mmoja alikwenda kwa miguu yake na wala si kwa kusukumwa na mwalimu wake, naye ana hoja. Na wa tatu atasema kwamba yule wa msituni angefundishwa siasa mapema na mtu kama Rasuna, kwa mizani ya dini na kwa mjadala wa wazi, huenda asingeifuata njia aliyoifuata. Hili la tatu haliwezi kuthibitishwa, lakini limenikalia kichwani kuliko mengine.

Mwaka 1955 Sheikh Mkuu wa Al-Azhar, Abdurrahman Taj, aliitembelea Diniyah Putri, akastaajabu, maana Al-Azhar yenyewe ilikuwa haina kitivo cha wanawake. Rahmah akaalikwa Misri na mwaka 1957 akatunukiwa cheo cha Sheikha. Sheria ya mwaka 1961 iliyoibadilisha Al-Azhar ikafungua mlango wa kitivo cha wasichana, na wapo mabinti wa Afrika Mashariki waliopita katika mlango huo bila kujua kwamba sehemu ya ufunguo ilitoka katika mabanda ya mianzi ya Padang Panjang.

Rahmah alifariki Februari 26, 1969. Diniyah Putri ipo hadi leo na inasomesha. Jina la Rasuna liko katika moja ya barabara kubwa za Jakarta, eneo la Kuningan, kwenye balozi na majengo marefu ya ofisi, na wengi wanaopita hapo kwa pikipiki hulitaja mara kumi kwa siku kama jina la kituo. Serikali ya Indonesia ilimtangaza Rasuna kuwa shujaa wa taifa mwaka 1974. Rahmah alitangazwa Novemba 10, 2025. Mwanafunzi alimtangulia mwalimu wake kwa miaka 51.